MWANA KUPONA: MAMA ALIYEVUNJA KIMYA



Ndugu msomaji mpenzi, Ramadhan Karim. Mwezi huu ndio familia hukaa pamoja kuliko miezi yote. Magharibi ikiadhiniwa, tende zinapitishwa, sambusa ziko kwenye sinia, maji na maziwa yako tayari, na kila mtu wa nyumba yuko hapo mkekani. Hebu leo jioni fanya jambo moja. Kabla hujanyoosha mkono mara ya pili, tazama nyuso za watoto. Yuko anayeongea mpaka anaambiwa anyamaze. Yuko anayegombania sambusa ya mwisho. Na yuko mmoja, na wengi wetu tunaye, ambaye anakula kidogo, anajibu kwa kichwa, kisha anajitenga. Ukimuuliza ana nini, anasema hakuna kitu. Na sisi tunafurahi kuambiwa hakuna kitu, tunachukua kofia zetu tunaenda taraweh.

Je, ni kweli hakuna kitu?

Katika ukurasa huu tunataka kukueleza maisha ya mama mmoja ambaye hakukubali kimya cha namna hiyo kikae kati yake na mwanawe. Si mama wa mbali. Ni wa kwetu Kenya, wa pwani ile ya Lamu inayopakana na kaunti ya Garissa. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham. Ikiwa umesoma fasihi ya Kiswahili shuleni, bila shaka umelisikia jina hilo, pengine ukalikariri kwa ajili ya mtihani ukalisahau. Leo msahau mtihani. Mtazame kama mama.

ALIZALIWA WAPI NA WAKATI GANI

Mwana Kupona alizaliwa Pate mnamo mwaka 1810. Pate ni kisiwa katika visiwa vya Lamu, na ndani yake iko miji ya kale: Pate yenyewe, Siyu na Faza. Wakati huo Pate ilikuwa imeanza kushuka. Vita vya Shela, vilivyopiganwa mapema miaka ya 1810, viliwapa watu wa Lamu ushindi juu ya Pate na Wamazrui wa Mombasa, na baada ya hapo mkono wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na baadaye Zanzibar, ukazidi kurefuka katika pwani hii.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mtoto huyu alikulia katika dunia isiyotulia. Lakini pia alikulia katika dunia ya elimu. Watu wa visiwa vile waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walinakili misahafu kwa mkono, na walitunga tenzi za dini ambazo zilisomwa majumbani. Wanawake nao hawakuachwa nje ya elimu hiyo. Mwana Kupona alijua dini yake, alijua lugha yake na alijua kupanga maneno kwa vina na mizani. Hilo tutaliona mbele.

NYUMBA YA BWANA MATAKA

Aliolewa na mtu mashuhuri, Bwana Mataka, sheikh na mtawala wa Siyu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni, na ni mji ambao Waswahili walikaa pamoja na watu wa asili ya Kisomali. Na Siyu ulikuwa mji mkaidi. Bwana Mataka hakutaka kutawaliwa na Zanzibar. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said alituma majeshi kwenda kuuvunja mji huo, na majeshi hayo yalishindwa vibaya. Siyu haikuinama mpaka mwaka 1863, wakati wa Sayyid Majid, na wakati huo Bwana Mataka mwenyewe ameshafariki.

Sasa fikiria nyumba hiyo. Vitabu vya historia vinahesabu majeshi na mizinga. Lakini ndani ya nyumba ya mtu anayepigana kuna watoto. Mwana Kupona na Bwana Mataka walijaaliwa binti, Mwana Hashima, aliyezaliwa karibu na mwaka 1841. Hesabu mwenyewe: miaka yake ya kwanza duniani ndiyo ile ile ambayo majeshi yalikuwa yakitua kisiwani. Baadaye walipata mtoto wa kiume, Muhammad.

Sisi watu wa Banissa hatuhitaji kuelezwa sana habari hii. Tunajua nyumba ambayo wakubwa wanaongea usiku kwa sauti ya chini, na mtoto amelala huku masikio yako macho. Mapigano ya koo yaliyohamisha familia nyingi Mandera na Wajir mwaka 2014 yalihamisha watoto pia. Ukame uliokuja baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, uliua ng'ombe, mbuzi na hata ngamia. Wazee walihesabu mifugo. Ni nani aliyemhesabu yule mvulana ambaye mbuzi wake mdogo, aliyempa jina mwenyewe, alikufa mbele yake? Aliambiwa yeye ni mwanamume asilie. Basi hakulia. Na mpaka leo hajasema.

MSIBA NA MARADHI

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye binti aliyekuwa akiingia utu uzima na mtoto wa kiume mdogo kabisa. Haikupita muda, naye akashikwa na maradhi. Hayakuwa maradhi ya siku mbili tatu. Yeye mwenyewe anataja katika utenzi wake kwamba maradhi yalitimiza mwaka.

Hapa ndipo tunataka usimame kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu jambo lenyewe liko hapa. Mwanzoni kabisa mwa utenzi, Mwana Kupona anamwambia bintiye kwamba mwaka mzima umepita akiwa mgonjwa na hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Halafu anamwita asogee karibu, alete wino na karatasi, kwa sababu kuna jambo moyoni anataka kumwambia.

Umeona alichofanya? Mama huyu ni mgonjwa. Ana kila sababu ya kunyamaza. Anaweza kusema: huyu binti ni mkubwa, ana miaka kumi na saba, anaona mwenyewe hali yangu, kama ana swali ataniuliza. Si ndivyo tunavyosema sisi? Lakini yeye hakungoja aulizwe. Alijua kwamba kimya kimekaa nyumbani mwaka mzima, na alijua ni nani mwenye jukumu la kukivunja. Si mtoto. Ni mkubwa.

Msichana aliyempoteza baba, na sasa anamtazama mama akidhoofika siku baada ya siku, hahitaji kusema anaogopa. Hali yenyewe inasema. Na watoto wengi wa namna hiyo hawaulizi, kwa sababu wanaona mama ana mzigo wa kutosha na hawataki kumwongezea. Huo si ujinga wa mtoto. Ni huruma ya mtoto. Lakini huruma hiyo inamla ndani.

ALICHOMPA BINTI YAKE

Utenzi huo ulitungwa mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858, na mama mwenyewe ametaja mwaka na hesabu ya beti zake ndani ya shairi. Ni beti 102. Umo kwa lahaja ya Kiamu, na ulianza maisha yake katika hati za Kiarabu. Leo watu wengi wanaujua kwa mafunzo yake juu ya mke na mume, na ni kweli sehemu kubwa ni hiyo: namna ya kumtumikia mume, kumpokea, kumtunza, kuomba ruhusa. Wako wasomaji wa zama hizi wanaosema mafunzo hayo yanamfunga mwanamke kupita kiasi, na wako wanaosema yalikuwa silaha ya binti asiye na baba katika dunia ile. Mjadala huo hatutaumaliza hapa. Sisi tunataka tutazame mambo matatu ambayo mama alimpa mtoto mbali na hayo.

Kwanza, alimpa kitu cha kushika. Anamwambia kwamba maneno haya ni kama hirizi ya kujifunga nayo na kama kidani cha lulu na marijani cha kujipamba. Mama anajua hatakuwepo. Anamwachia mtoto kitu kitakachokaa naye. Mtoto anayeogopa kuachwa hatulizwi kwa kuambiwa asiogope. Anatulizwa kwa kupewa kitu cha kweli: neno, ahadi inayotimizwa, saa inayojulikana ambayo baba atapiga simu kutoka Nairobi.

Pili, alimtaja baba. Jambo hili wengi wetu hatulifanyi. Akifa mtu, jina lake linaondolewa mdomoni ili ati watoto wasiumie. Mwana Kupona alifanya kinyume. Alimweleza bintiye alivyoolewa na baba yake, jinsi walivyoishi kwa furaha bila kuvunjiana heshima, na jinsi mume huyo alivyoondoka duniani akiwa radhi naye. Kwa binti aliyefiwa, hizo ni habari za dhahabu. Anajua ametoka katika nyumba ya upendo. Anajua kumtaja baba si makosa.

Tatu, aliomba dua mbele yake. Sehemu kubwa ya mwisho wa utenzi ni dua: aliomba afya, aliwaombea wanawe, aliwaombea ndugu zake na Waislamu kwa jumla. Mtoto anayemsikia mzazi akimtaja kwa Mola wake anajua kwamba yuko moyoni. Wangapi kati yetu tunawaombea watoto usiku wa manane, na mchana hawasikii kutoka kwetu ila makemeo?

PALE TUNAPOHITAJI KUONGEZA

Ndugu msomaji, tumheshimu Mwana Kupona na pia tuseme ukweli. Katika utenzi wote mama ndiye anayeongea. Mwana Hashima anaitwa, anaketi, anasikiliza. Sauti yake haimo. Hiyo ni kawaida ya wasia, maana wasia ni maneno ya anayeondoka. Lakini sisi ambao bado tuko hai na watoto wetu tunayo nafasi ambayo mgonjwa yule hakuwa nayo kwa wingi, yaani wakati. Kumwita mtoto karibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kunyamaza ili naye aseme.

Na kama haseme? Basi soma anachosema kwa njia nyingine. Mtoto mdogo hana maneno ya huzuni, ana tumbo linalouma kila asubuhi ya kwenda duksi. Ana kitanda kilicholowa ilhali alikuwa ameshaacha. Ana kung'ang'ania nguo ya hooyo kila anapotoka. Mkubwa kidogo ana hasira zisizo na sababu, ana kupiga wadogo zake, ana kusahau aya alizokuwa amezihifadhi vizuri kwenye lohi. Maalim anaweza kudhani ni uvivu, akaongeza fimbo. Mwenye miaka kumi na mitano ana kulala sana, au kutolala, au kuwa nje mpaka usiku. Si kila tabia mbaya ni huzuni, hilo tunalijua. Lakini tabia ikibadilika ghafla, uliza nini kimebadilika nyumbani kabla hujauliza fimbo iko wapi.

Mtume Muhammad (SAW) alilijua jambo hili kabla ya vitabu vyote vya malezi. Yeye mwenyewe alikuwa yatima: baba alifariki kabla hajazaliwa, na mama akafariki yeye akiwa na miaka sita. Katika mapokezi ya hadithi tunaona alivyokuwa na watoto. Alikuwa akisalisha, akisikia mtoto analia anaifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Mjukuu alimpanda mgongoni akiwa katika sijda, naye akairefusha sijda mpaka mtoto atosheke. Na kulikuwa na mvulana mdogo, Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume akamwona mtoto ana huzuni, akaulizia, alipoambiwa sababu akaongea naye juu ya kile kindege. Kiongozi wa umma mzima, na mambo yote aliyokuwa nayo, aliona kwamba kindege ni jambo. Hakumwambia ni ndege tu, utapata mwingine.

Mvulana wetu wa mbuzi aliyekufa, naye alikuwa na Abu Umayr wake ndani.

SASA WEWE KIJANA

Pengine unasema: mimi sina watoto, ukurasa huu ni wa wazazi. La. Wewe unayesoma gazeti hili ni kaka wa mtu, ni dada wa mtu. Baba yuko mbali na mifugo upande wa Malka Mari, au yuko Eastleigh dukani. Hooyo ameamka tangu daku na hajakaa chini. Mdogo wako anamtazama nani? Anakutazama wewe. Na mara nyingi atakuambia wewe kile ambacho hawezi kumwambia baba.

Basi katika siku hizi zilizobaki za mwezi mtukufu, jaribu mambo haya:

1. Mwite mmoja mmoja. Mtoto haongei mbele ya ndugu sita. Mchukue mmoja mwende pamoja kuchota maji au kupeleka futari kwa jirani. Mtoto huongea vizuri zaidi mkiwa mnatembea kuliko mkikaa uso kwa uso kama kwa chifu.

2. Usianze na swali la una nini. Anza na unachokiona: naona siku hizi huchezi mpira. Halafu nyamaza. Usiogope kimya cha dakika mbili.

3. Akisema, usimcheke na usimkatize kwa mawaidha. Mawaidha yana wakati wake. Kwanza asikike.

4. Mtaje aliyeondoka. Kama nyumbani kumefiwa, msimulie mdogo wako habari nzuri za baba au ayeyo. Muombeeni dua pamoja wakati wa kufuturu.

5. Ukiona jambo zito, mtoto anayeumizwa au anayesema hataki kuishi, usilifiche kwa kuogopa aibu. Mwambie mzazi, maalim au mwalimu unayemwamini, au mpeleke hospitali. Hiyo ni amana, na amana haifichwi mpaka iharibike.

6. Na kama mtoto aliyenyamaza ni wewe mwenyewe, usisubiri mwaka utimie. Mtafute mtu mzima mmoja ukae karibu naye.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwana Kupona alifariki karibu na mwaka 1865. Hakuacha ufalme, maana Siyu ulikuwa umeshaanguka miaka miwili nyuma. Mizinga iliyopiganwa juu ya mji ule imenyamaza, na wengi wa walioipiga hakuna anayewajua kwa majina.

Lakini maneno aliyomwambia bintiye yalibaki. Yalinakiliwa mkono kwa mkono katika nyumba za Lamu, wanawake wakiyasoma na kuyahifadhi. Mwaka 1917 mtaalamu wa Kiingereza, Alice Werner, aliyachapisha pamoja na tafsiri, na mwaka 1934 yakatoka tena katika kitabu alichokiandaa na William Hichens. Tangu hapo yamesomwa mashuleni na vyuoni, Afrika Mashariki na nje yake.

Na Mwana Hashima? Yeye aliishi mpaka uzee mkubwa, akafariki karibu na mwaka 1933. Yaani baada ya mama kuzikwa, binti aliishi zaidi ya miaka sitini. Aliona Siyu ikitawaliwa na Zanzibar, akaona Waingereza wakiingia, akaona vita vya kwanza vya dunia vikija na kwenda. Miaka yote hiyo alikuwa na jambo moja mkononi: siku moja, mama akiwa mgonjwa hoi, alimwita akae karibu akamwambia yaliyo moyoni.

Jiulize, ndugu yangu: mdogo wako atabaki na nini kutoka kwako miaka sitini ijayo?

Tunamwomba Allah (SWT) amrehemu Mwana Kupona, awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia, awape subira watoto wetu waliofiwa na walioonja ukame na vita, na atujaalie macho ya kuona wanachotuficha na ulimi laini wa kuwauliza. Atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.